MASOMO YA PICHA KWENYE SIMU: TUWASHAWISHI WENZETU NAMNA GANI?

Katika vijiji vingi vya Shinyanga na Geita simu sasa si kitu cha ajabu. Zipo simu ndogo za vitufe. Zipo pia simu janja, zile za kioo zinazoguswa kwa kidole. Wengi wetu tunazitumia kwa mambo mawili: kuongea na ndugu walio mbali, na kutuma au kupokea pesa.

Lakini simu janja inaweza kufanya kazi ya tatu. Inaweza kuwa mwalimu. Inaweza kumwonyesha mkulima somo la picha zinazotembea, pamoja na sauti ya Kiswahili, akiwa amekaa chini ya mwembe wake.

Vikundi vingine vimeanza kutumia masomo hayo. Vingine vinakataa. Wanaokataa wana sababu zao, na sababu hizo si za kijinga. Makala haya ni kwa ajili ya pande zote mbili: yule anayetaka kuwaingiza wenzake katika jambo hili jipya, na yule anayeombwa aingie. Yatawafaa pia vijana wenye mabanda ya kuchaji simu, ambao wangependa wateja wao wapate masomo hayo.

SOMO LA PICHA NI NINI?

Somo la picha ni sinema fupi. Nyingi huchukua dakika 5 hadi 15. Ndani yake mkulima au mfugaji huonyesha kazi, hatua kwa hatua, na msemaji hueleza.

Masomo hayo huhifadhiwa mahali pengi duniani, katika mashine kubwa za kompyuta. Mashine hizo zimeunganishwa pamoja. Muungano huo ndio tunaouita intaneti, au mtandao. Simu yako ikiwa na bando, inaweza kwenda kuchukua somo huko na kulileta hapa kijijini.

Kulichukua somo na kulihifadhi kwenye simu huitwa kupakua. Neno hili tunalijua wote. Mama anapopakua ugali kutoka chunguni, ugali unakuwa kwenye sahani. Hata moto ukizimika, chakula kipo. Ndivyo ilivyo kwa somo. Ukishalipakua, linakaa ndani ya simu. Unaweza kulitazama mara 100 bila bando na bila mtandao. Unaweza pia kumrushia mwenzako kutoka simu hadi simu, bila kutumia bando.

Jambo hili ni muhimu sana kwa mfuko wa mkulima. Tufanye hesabu kidogo. Tuseme somo moja linakula MB 30 za bando. Kikundi kina watu 20. Kila mmoja akilifungua mwenyewe kwenye mtandao, kikundi kimekula MB 30 mara 20, yaani MB 600. Mtu mmoja akilipakua na kuwarushia wengine, kikundi kimekula MB 30 tu. Somo ni lile lile. Gharama ni sehemu moja ya ishirini.

MFANO WA KIDUHA

Wakulima wa mtama na mahindi wa kwetu wanamjua adui aitwaye kiduha. Ni gugu lenye maua mazuri ya zambarau. Uzuri wake umekwisha hapo. Shamba lenye kiduha hunyauka kana kwamba halikupata mvua, hata kama mvua imenyesha. Mkulima anavuna debe mahali alipotegemea gunia.

Kwa nini kiduha kinatushinda? Kwa sababu kazi yake kinaifanya chini ya ardhi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja unaweza kutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu. Mbegu hizo zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Mzizi wa mtama unapopita karibu, mbegu inaamka, inajishika kwenye mzizi na kuanza kunyonya. Siku unayoliona ua, mtama wako umekwisha kunyonywa kwa wiki nyingi.

Bwana shamba anaweza kueleza jambo hili kwa maneno. Wengi watatikisa kichwa na kurudi nyumbani. Baadhi wataendelea kusema kwamba kiduha ni mkosi, au ni mkono wa jirani. Si ajabu. Nani amewahi kuiona mbegu hiyo ikijishika kwenye mzizi?

Hapa ndipo picha inapokuwa na nguvu. Shirika liitwalo Access Agriculture lina masomo mengi ya picha kwenye mtandao, na mengine yamo kwa Kiswahili. Yapo masomo ya kupambana na kiduha yaliyotengenezwa Afrika ya Magharibi, ambako gugu hili linawasumbua wakulima wa mtama kama sisi. Wanaosema humo ni wakulima wenyewe. Masomo hayo hupakuliwa bila kulipia somo. Unacholipia ni bando.

Mambo wanayofundisha wataalamu wa kiduha yanawezekana hapa kwetu:

1. Ng'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu. Kukikata kwa jembe na kukiacha kinachanua ni kupanda cha mwakani.

2. Badilisha mazao. Kunde, karanga na pamba huiamsha mbegu ya kiduha, lakini kiduha hakiwezi kuishi kwenye mizizi yake. Hivyo kinaamka na kufa.

3. Tia samadi. Kiduha hupenda ardhi iliyochoka.

4. Tumia mbegu inayovumilia. Mwaka 2002 ziliidhinishwa hapa nchini mbegu mbili za mtama zinazovumilia kiduha, ziitwazo Hakika na Wahi. Muulizeni ofisa ugani wenu mahali pa kuzipata.

KWA NINI WATU WANASITA?

Kabla ya kumshawishi mtu, msikilize kwanza. Katika vikundi vyetu vya kisomo tumesikia sababu hizi mara kwa mara:

"Bando ni ghali." Ni kweli. Mwenye shilingi 1,000 anafikiria chumvi na sabuni kwanza.

"Simu ni kwa ajili ya upuuzi wa vijana." Hata hili lina ukweli. Mzazi ameona kijana akicheka na simu usiku kucha, na asubuhi jembe limelala.

"Nitaibiwa." Wengi wameibiwa kwa simu, au wanamjua aliyeibiwa.

"Mimi ni mzee, vidole vyangu havijui kazi hiyo." Mtu huyu anaogopa kuchekwa.

"Hao waliomo kwenye picha si watu wa hapa. Mvua yao si yetu." Hili ni swali la mkulima mwenye akili. Lijibiwe kwa heshima.

Anayesema hivi asiitwe mshamba. Ameuliza maswali ambayo kila mwenye mali huuliza kabla ya kununua.

TULIKUBALIJE MAMBO MAPYA HUKO NYUMA?

Watu wa Kanda ya Ziwa hawakatai mambo mapya. Tazameni historia yetu.

Mwaka 1967 karibu watu wazima 7 katika kila 10 nchini hawakujua kusoma. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa UNESCO, katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Walimu hawakuanza na hadithi za mbali. Mkulima wa pamba alisoma kitabu cha pamba. Mfugaji alisoma habari za ng'ombe. Wazazi wetu walikubali herufi kwa sababu herufi zilizungumza habari za shamba lao.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilikuwa chombo kipya kwa wengi. Karibu watu milioni 2 walishiriki kwa muda wa wiki 12. Lakini redio haikuachwa iseme peke yake. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha kikundi chenyewe kikaamua: tutachimba vyoo, tutafukia madimbwi. Sauti, maandishi na majadiliano vilikwenda pamoja. Waliochimba vyoo walichimba kwa uamuzi wao.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo nchi yetu ilikuwa inageuka kuwa jangwa. Mradi ulifanikiwa pale uliporudi kwenye desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga malisho yapumzike mpaka kiangazi. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Watu walikubali upesi kwa sababu jambo jipya lilishikana na jambo walilolijua.

Twende sasa Geita. Wachimbaji wadogo huchoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki kwenye moto wa wazi. Mvuke wa zebaki ni sumu. Unaharibu ubongo, na mtoto aliyekaa karibu na moto anadhurika zaidi. Katika miaka ya 2000 Umoja wa Mataifa uliendesha mafunzo huko Rwamagasa kuhusu kupunguza sumu hiyo. Kipo chombo cha kuchomea kilichofungwa. Hunasa mvuke, na zebaki hurudi kutumika tena. Ni chombo kizuri. Lakini katika nchi nyingi wachimbaji walikuwa na shaka na kile cha chuma. Kinachukua muda, na dhahabu haionekani ikiwa ndani. Nani anajua kama itatoka yote? Ndipo vikatengenezwa pia vyombo vya kioo, ili mwenye mali aione dhahabu yake mwanzo mpaka mwisho.

Mifano yote hii inatufundisha jambo moja. Mtu hakubali chombo kwa sababu ni kipya. Anakubali pale anapoona kwa macho yake kwamba kinaondoa shida yake mwenyewe, na mali yake iko salama.

HATUA SITA ZA KUMSHAWISHI MWENZAKO

Kwanza, anza na shida, usianze na simu. Usiende kwa mtu ukisema, "Simu hii ina mambo mengi sana." Muulize kinachomsumbua. Ni kiduha? Ni kuku wanaokufa kwa kideri? Ni ghala lenye fukusi? Kisha tafuta somo moja la shida hiyo. Moja tu.

Pili, tazama wewe kwanza. Hakikisha Kiswahili chake kinaeleweka na mambo yake yanawezekana. Mwonyeshe pia ofisa ugani. Si kila kilichomo kwenye mtandao ni kweli. Wapo wanaotengeneza picha ili wauze dawa isiyofanya kazi.

Tatu, onyesha. Usihubiri. Dakika 10 za picha zinatosha. Kama kikundi ni kikubwa, azimeni spika ndogo ili sauti isikike, na watu watazame kwa zamu, watano watano. Hakikisheni simu imechajiwa. Somo likikatika katikati, watu hawatarudi wiki ijayo.

Nne, zima simu, mzungumze. Hii ndiyo hatua inayosahauliwa. Ulizeni: Tumeona nini? Kipi kinawezekana hapa? Kipi hakiwezekani? Nani atajaribu? Andikeni majibu kwenye daftari la kikundi.

Tano, sema gharama yote. Sema bei ya bando, bei ya kuchaji, na nani atatoa simu. Ukificha gharama leo, kesho utaitwa mwongo, na hata ukileta jambo jema halitapokelewa.

Sita, jaribuni kidogo, kisha mwacheni mtu aamue. Mistari michache ya shamba inatosha kwa mwaka wa kwanza. Anayekataa aachwe kwa amani. Akiona mistari ya jirani yake imestawi, atakuja mwenyewe.

Hebu tusikilize mazungumzo kama haya, kati ya katibu wa kikundi, ambaye ni msichana, na mzee mwenye shamba.

– Shikamoo, baba.

– Marahaba, mwanangu. Habari za huko?

– Nzuri, baba. Poleni na kazi. Naona kiduha kimeingia tena kwenye mtama wenu.

– Kimeingia. Mwaka jana nilipata magunia mawili tu. Shamba hili zamani lilikuwa linanipa nane.

– Sisi kikundini tumepata somo la picha la kiduha. Jumamosi tutalitazama. Tunaomba uje.

– Hiyo simu yako itang'oa kiduha?

– Haitang'oa, baba. Tutang'oa sisi. Simu itatuonyesha tu kile kinachofanyika chini ya udongo, na wakati wa kung'oa.

– Na hao waliomo humo ni watu wa wapi?

– Wa Afrika ya Magharibi. Nao wanalima mtama.

– Mvua yao si yetu.

– Kweli, baba. Ndiyo maana tunasema tujaribu mistari mitano tu, tuchanganye na kunde. Isipofaa, hutakuwa umepoteza shamba.

– Nitatoa shilingi ngapi?

– Jumamosi hutoi kitu. Bando tumeshachanga. Ukitaka kuendelea na kikundi, kila mmoja anatoa shilingi 100 kwa mwezi.

– Nitakuja kutazama. Sijasema nimekubali.

– Hayo yanatosha, baba. Asante.

Ndugu wasomaji, mwaloni huyu msichana asingevua samaki kwa kelele. Alijua kazi yake. Alianza na shida ya mzee. Hakumcheka. Alijibu kila swali kwa ukweli, na bei aliitaja. Mwisho alimwachia mzee uamuzi wake. Ndivyo mtu mzima anavyoshawishiwa.

AKINA MAMA WASIACHWE NJE

Katika nyumba nyingi simu janja ni ya baba au ya kijana. Lakini nani anapalilia mtama? Nani anachagua mbegu na kutunza kuku? Mara nyingi ni mama. Somo la kiduha likikaa kwenye mfuko wa baba aliyekwenda mnadani, halitaokoa mtama.

Kwa hiyo kikundi kiweke saa ambayo akina mama wanaweza kuja, baada ya kuchota maji na kabla ya kupika. Na baba akipewa somo, alionyeshe nyumbani. Kuonyesha hakumalizi simu.

Wale ambao hawana simu janja wasione aibu. Sengerema, jirani zetu, walianzisha kituo cha mawasiliano cha wananchi chenye kompyuta na mtandao, kisha wakawa na redio yao ya jamii. Kwa njia hiyo habari zilizofika kwenye kompyuta ziliweza kuwafikia hata wasiowahi kugusa kompyuta. Kijijini nako simu moja yenye somo na kikundi chenye utaratibu vinatosha kuanzia.

TAHADHARI

Hatuwezi kuwaingiza watu kwenye mtandao bila kuwaeleza hatari zake. Mshikeni mkono mgeni wa jambo hili mpaka ayajue haya:

Namba ya siri ya pesa ni yako peke yako. Usimpe mwalimu, mtoto wa jirani, wala anayejiita mtu wa kampuni ya simu.

Ukiona ujumbe unaosema, "Ile pesa itume kwenye namba hii," usitume. Mpigie yule unayemjua kwa namba yake ya zamani, usikie sauti yake. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuupeleka kwenye namba 15040.

Somo la kweli la kilimo halikuombi namba ya siri. Likiomba, lifunge.

Zima bando ukimaliza kupakua. Simu nyingi huendelea kula bando kimyakimya hata zikiwa mfukoni.

TUFANYE NINI SASA?

Mwaka ule wa kisomo wapo waliosema kwamba kalamu ni ya watoto. Leo wajukuu wao wanasomewa barua na wazee hao hao. Simu janja nayo ni chombo, kama kalamu na kama jembe. Jembe bovu humchosha mtu, na jembe zuri mikononi mwa mvivu halilimi. Kazi inabaki kwetu.

Tusimlazimishe mtu, na tusimdanganye. Tuchukue shida moja, somo moja, na mistari mitano ya shamba. Kiduha hakisubiri. Kila ua linaloachwa likomae ni miaka mingi ya njaa iliyopandwa ardhini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni shida gani moja ya shamba au mifugo inayotusumbua sote mwaka huu?

2. Nani kati yetu ana simu janja, na yuko tayari kuitumia kwa kikundi? Tutamlipaje gharama ya kuchaji?

3. Somo moja likila MB 40, na kikundi kina watu 15, tutatumia MB ngapi kama kila mmoja atalifungua mwenyewe? Je, tutatumia ngapi kama mmoja atalipakua na kuwarushia wengine?

4. Ni saa ngapi akina mama na akina baba wote wanaweza kukutana?

5. Nani atatoa mistari ya kujaribia, na nani ataandika matokeo kwenye daftari?